Dakika Mbili za Rangi Nyekundu

Natamani ningemkatalia dada yangu. Alikuja kwetu Lindi, mtaa wa mabanda jijini, Jumapili moja baada ya kanisa, amembana jogoo hai kwapani, akavuka mtaro kwa ule ubao wetu uliokuwa ukinesa, akakaa kwenye kiti changu. Hakusema neno la maana mpaka jogoo akachinjwa, akapikwa, akaliwa, na sote tukanawa mikono. Ndipo akanitazama, akasema, "Nimekuja kumchukua wajina wangu. Muhula mmoja tu."

Nikasema, "Sawa."

Neno lilinitoka kabla sijalifikiria. Mke wangu, aliyekuwa akikusanya sahani, alisimama kidogo, kisha akaendelea kukusanya. Binti yetu alikuwa nje akisugua sufuria kwa majivu. Chumba chetu kilikuwa cha mabati na mlangoni tulitundika pazia tu, kwa hiyo najua alisikia.

Lazima nieleze kwa nini sikuuliza hata swali moja, ingawa sielezi ili nijitetee. Binti yetu, mtoto pekee tuliyejaliwa, alipewa jina la dada yangu wiki aliyozaliwa. Kwetu Uluhyani, anayebeba jina lako ni kama wewe mwenyewe umezaliwa mara ya pili. Ukimhitaji, unamwendea bila kubisha hodi. Dada hakuwahi kumwita mtoto kwa jina. Alimwita wajina, na mtoto alimwita senje, yaani shangazi. Tena dada huyu aliacha shule darasa la sita ili mimi niendelee. Wazee wetu ndio walioamua hivyo, lakini ni mimi niliyevaa viatu vya shule na ni yeye aliyeshika jembe. Kidato cha nne nilichomaliza kilitoka mgongoni mwake. Sasa mume wake alikuwa amefariki, amemwachia watoto wawili wadogo na kibanda cha chakula huko mtaa wa Congo, Kawangware, na yeye mwenyewe alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Hakuweza tena kusimama jikoni kutwa. Alihitaji mikono. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Ningemwambia, dada, nitakuja mimi mwenyewe nikitoka kazini, nitakanda unga. Ningemwambia angoje mashindano ya shule yapite kwanza. Maneno yalikuwepo mengi. Nilisema sawa.

*

Wakati huo nilikuwa fundi wa mabango ya taa katika karakana moja kwenye eneo la viwanda. Kabla ya haya mabango ya plastiki ya siku hizi, jina la duka au la baa mjini liliandikwa kwa mirija ya kioo. Kazi yangu ilikuwa kupinda. Unashika mrija juu ya moto wa gesi mpaka ulegee kama unga wa chapati uliokandwa, unapuliza kidogo kwa mpira ulio mdomoni ili usijikunje, unaupinda kufuata mchoro kabla haujapoa. Baadaye mrija unaunganishwa na pampu, hewa yote inanyonywa, inatiwa gesi kidogo sana, unazibwa. Ukiwasha stima, unawaka mwekundu au samawati kulingana na gesi iliyomo.

Jambo moja kila fundi alilijua: hewa ndiyo adui. Mrija ukipata ufa mwembamba kama unywele, rangi yake inageuka zambarau chafu, inafifia, inakufa. Tulisema umevuta hewa, tukautupa. Kwa nini hewa iue mwanga, hakuna aliyejiuliza. Nilifanya kazi ile miaka kumi na minane bila kujiuliza.

Binti yangu alijiuliza Jumamosi ya kwanza aliyoniletea chakula cha mchana pale karakanani.

Alikuwa kidato cha tatu, miaka kumi na saba, tayari mrefu kumpita mama yake. Mwalimu wake wa fizikia alikuwa amewaambia watafute kitu cha kuonyesha kwenye mashindano ya sayansi, na katika maktaba ndogo ya kanisa letu binti alikuwa amekuta kitabu kikuukuu kuhusu anga, jalada lake limeliwa na mende. Kitabu kilisema kwamba hewa ya juu kabisa hutoa mwanga wake yenyewe, hata huku kwetu, kila usiku, mwanga hafifu ambao taa za mji zinatunyima. Na karibu na ncha za dunia, chembe zinazotoka juani huipiga hewa hiyo mpaka ikawaka kama mapazia, kijani chini, nyekundu juu.

Alisimama mbele ya mrija uliokuwa kwenye pampu, kibuyu cha uji bado mkononi. "Baba, hii yenu ni anga mmetia kwenye chupa."

Wenzangu wakacheka. Mmoja akamwambia, "Msichana, hiyo ni bango ya bucha."

"Hata bucha iko chini ya anga," akajibu, na hapo tukacheka sote, hata msimamizi wetu ambaye hakuwa mtu wa kucheka.

Nadhani ni kwa sababu ya jibu lile msimamizi alituruhusu kutumia pampu Jumamosi alasiri, kazi ikishafungwa. Tulichukua mrija ulionyooka, hatukutia gesi yoyote, tulitumia hewa ileile ya karakana yenye harufu ya mpira ulioungua. Mle ndani kulikuwa na mwanga mwingi wa mchana, kwa hiyo tulijifunika gunia, vichwa viwili chini ya gunia moja, mikono yangu nje kwenye swichi. Hewa ikiwa tele mle mrijani, hatukuona kitu. Pampu ilipovuta, kidogo kidogo, waridi la mwanga lilianza kuonekana upande mmoja, likanyooka, likajaza mrija wote. Tukirudisha hewa, lilikufa. Tuliirudia hali hiyo mara nyingi kiasi kwamba naweza kukusimulia harufu ya gunia lile mpaka leo. Lilikuwa limebeba kahawa.

"Kwa nini linakufa?" nilimuuliza, mimi fundi.

"Sikiliza, baba. Chembe ya oksijeni ikipigwa, inapata nguvu ya ziada. Inataka kuitoa kama mwanga. Lakini haitoi papo hapo, inangoja. Ile inayotoa kijani inangoja karibu sekunde moja. Ile inayotoa nyekundu inangoja karibu dakika mbili."

"Inangoja nini?"

"Haingoji kitu. Inataka tu kuachwa. Ikigongwa na nyingine kabla muda wake haujafika, ile nguvu inanyang'anywa, inakuwa joto tu, na mwanga hautoki tena. Sasa huku chini hewa imebanana, kila chembe inagongwa mara mabilioni kwa sekunde. Nyekundu itapata wapi dakika mbili? Lakini kule juu, kilomita mia mbili na zaidi, hewa ni nyembamba sana. Chembe inaweza kukaa dakika mbili nzima bila mtu kuigusa. Ndiyo maana nyekundu iko juu peke yake."

"Kwa hiyo huku chini ni kama Lindi."

"Huku chini ni Lindi kabisa. Hata choo unapiga foleni."

Nilicheka mpaka gunia likaanguka.

Jumamosi moja nilizima stima na nikataka kufunua gunia, akanishika mkono. "Usifunue. Umezima?"

"Nimezima."

"Umezima kweli, baba?"

"Swichi hii hapa, nimeishika."

Ndani ya mrija kulibaki mwanga wa manjano, hafifu kama pumzi kwenye kioo, ukakaa kitambo, ukaondoka. Tuliwasha tena tukazima tena. Ulirudi. Stima haipo, na mwanga upo. Miaka kumi na minane nilikuwa nimezima mirija kwenye chumba chenye mwanga na sikuwahi kuuona.

Swali hilo alilibeba wiki kadhaa. Alishinda mashindano ya pale shuleni, akashinda tena walipokutana na shule jirani, ikawa imebaki wiki sita aende mbele zaidi, mbele ya majaji kutoka vyuo vikuu. Katika Jumamosi yetu ya mwisho, ambayo hatukujua kwamba ni ya mwisho, tulikuwa tukikunja nyaya akasema, "Ile njano nafikiri nimeielewa. Nilikuwa nimeshika nusu tu. Kugongana si kubaya kote, baba. Kuna kugongana kunaua mwanga, na kuna kugongana kunauzaa."

"Kunauzaa vipi?"

"Bado naipanga kichwani. Nikiipata vizuri, wewe ndiye wa kwanza."

Kesho yake ndiyo dada alikuja na jogoo.

*

Mwalimu wa fizikia alikuja Lindi siku ya Jumatano, amevaa gambuti, maana mvua ilikuwa imegeuza njia zetu uji. Alikuwa mama mdogo wa umbo, na alikataa kukaa.

"Mzee, mtoto akihama shule sasa, nafasi yake inapotea. Anashindana kwa jina la shule yetu. Nipe wiki sita."

"Mwalimu, nimeshampa dada yangu neno."

"Na mtoto umempa nini?"

Nikamwambia mke wangu amletee mwalimu chai. Hilo ndilo jibu nililompa. Mwalimu alisema asante, hakunywa, akaondoka akitafuta mahali pa kukanyaga.

Mke wangu aliimwaga ile chai nje. "Ni wewe umesema sawa," akaniambia. "Basi ni wewe utamwambia mtoto. Mimi sitakusaidia." Naye hakunisaidia, na alikuwa na haki.

Nilimwambia jioni hiyo tukila. Nilisema senje yako anaumwa, ni muhula mmoja, kule pia kuna shule. Hakulia wala kubisha. Alisema, "Najua, baba, nilisikia." Kisha akauliza, "Lile gunia liko wapi?"

"Liko karakanani."

"Usiwape walitumie. Tutalihitaji."

*

Dada yangu hakumtesa. Lazima hili lisemwe, maana watu wakisikia habari za mtoto aliyepelekwa kwa shangazi wanataka kusikia ubaya. Alimpenda wajina wake kuliko alivyowapenda watoto wa tumbo lake. Alimnunulia sare, akampa kitanda, yeye akalala chini na kile kidonda. Lakini kibanda ni kibanda. Kabla ya alfajiri mtoto alikuwa akisukuma chapati. Akitoka shule ya kutwa anakuta watu wa mjengo wamejaa kwenye mabenchi, wenye mkokoteni, akina mama wanaofua nguo katika mitaa ya wenye nyumba kubwa, wote wana njaa na wote wana haraka.

Nilikwenda kumwona Jumapili. Kitabu chake cha mazoezi kilikuwa nyuma ya debe la sukari. Akiniona, uso wake ulifunguka.

"Baba, unakumbuka ile njano—"

"Wajina! Chai tatu, moja strungi!" dada anaita.

Anakwenda kumimina, moja bila maziwa. Anarudi, anapangusa mikono kwa aproni. "Nilikuwa nasema, ile njano. Sasa chukua chembe mbili—"

"Sistee, chapo zangu zilienda Mombasa?"

"Zinakuja. Ulikuwa unalia hivi hata kwa mamako?" Wanacheka, anacheka nao, anakwenda. Alikuwa hodari wa maneno na wateja walimpenda. Anarudi tena, anasimama mbele yangu, na naona macho yake yakitafuta mahali alipoachia. Anaitwa tena.

Nilikaa pale nikiyaona haya, na nilijua ninachokiona. Yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha chini ya gunia. Nilijiambia muhula utaisha.

Kuna Jumapili moja ambayo sijawahi kumsimulia mtu. Mvua ilikuwa kubwa, wateja hawakuja, dada alikuwa amelala na watoto. Tulikuwa peke yetu. Binti yangu aliketi mbele yangu, akachukua vikombe viwili akaviweka pamoja mezani, akachukua kijiko akakiweka kando.

"Sasa sikia," akasema. "Leo naimaliza. Hivi vikombe viwili ni—"

Nilikuwa nimetembea kutoka Lindi na mvua ilikuwa imenilowesha. Nilikuwa na njaa. Nikamwambia, "Niongezee supu kwanza, halafu unieleze."

Aliinuka. Alipasha supu, akaniletea, na chapati juu ya bakuli. Kisha akavitoa vile vikombe viwili mezani, akavipeleka kwenye karai, akaviosha, ingawa vilikuwa safi. Nami nikanywa supu. Ilikuwa tamu sana. Nilipomaliza mvua ilikuwa imekatika na watu wameanza kuingia.

Baada ya siku ile hakuanza tena. Nikifika aliniuliza habari za mama, za kazi, za majirani. Kile kitabu cha mazoezi aliniambia nikibebe nyumbani kisije kikalowa mafuta.

Muhula mmoja ukawa miwili. Mguu wa dada ukakatwa, na nani angemwondoa wajina wake wakati kama huo? Akafanyia mtihani wa kidato cha nne Kawangware. Alama zake zilikuwa alama za mtu aliyechoka. Hazikumfikisha popote, na hakuna aliyetaja kurudia. Mimi pia sikutaja.

*

Miaka imepita zaidi ya ishirini. Mabango ya plastiki yalipoingia karakana ilifungwa, nami nikawa mlinzi wa geti mpaka nikazeeka. Mke wangu tulimpeleka kulala nyumbani Magharibi. Dada naye alifariki akiwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya wajina wake, na kibanda alimwachia yeye. Binti yangu ndiye aliyewalea wale watoto wawili, akawasomesha mpaka wote wakafika chuo. Wanamwita mama. Anajulikana Congo nzima kwa chapati zake. Huwezi kumwita mtu aliyeshindwa maisha, na mimi simwiti hivyo.

Mimi bado niko Lindi. Kile kitabu cha mazoezi ninacho. Nimekisoma mara nyingi, nusu ya kwanza naielewa: chembe, kungoja, kugongwa, mwanga kupotea. Mchoro wa anga aliuchora kwa kalamu za rangi, nyekundu akaiweka juu kabisa. Ukurasa unaofuata ameandika kichwa cha habari, "Kugongana kunakozaa mwanga," akakipigia mstari kwa rula. Chini yake hakuna kitu.

Basi hivi karibuni jirani yangu, mama mmoja anayefua nguo za watu, alinionyesha picha kwenye simu yake. Nchi za mbali huko, anga nzima nyekundu na kijani, watu wamesimama barabarani wanapiga picha. "Mzee, hii si mwisho wa dunia?" akaniuliza.

Nikamwambia si mwisho wa dunia, ni oksijeni. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Nikamwomba anitumie.

Siku iliyofuata nilivaa koti nikaenda Kawangware. Nilitembea, maana miguu ndiyo bado inanitii. Nilichagua saa tisa, watu wa chakula cha mchana wakiwa wameondoka na wa chai ya jioni hawajafika. Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka ile nusu ya pili, kutoka mdomoni mwa binti yangu. Najua ningeweza kumwomba mtu aiulize simu, na simu ingejibu. Sikuitaka kutoka kwa simu.

Alipoona picha aliacha kukata sukuma. Alipangusa mikono, akaishika simu kwa ncha za vidole kama kitu cha moto.

"Hii nyekundu," akasema polepole.

"Dakika mbili," nikasema.

Akanitazama. "Bado unakumbuka?"

"Hiyo nakumbuka. Ile ya njano ndiyo hukunimalizia. Ulisema kuna kugongana kunauzaa mwanga. Nimekuja unimalizie."

Mlangoni waliingia vijana wanne wa mjengo, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Akaanza kuinuka. Nikamwekea mkono begani.

"Kaa. Leo nahudumia mimi."

"Baba, wewe hujui hata sukari iko wapi."

"Nitaiuliza. Kaa dakika mbili. Mtu asikuguse."

Nadhani ndipo alipoelewa nilichokuja kufanya, maana alikaa, kwenye benchi la nyuma, kati ya magunia ya unga, simu mbele yake.

Nikafunga aproni. Vijana walinitazama kwa furaha kubwa.

"Niaje, buda. Umeandikwa kazi leo?"

"Nimeandikwa leo. Mnakula nini?"

"Chapo mbili madondo."

Nikamimina maharagwe, yakamwagika nusu. Wa pili nilimpa kabeji.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni chakula."

"Ni chakula, sikatai. Ila si changu."

"Kula tu. Umekonda, wewe huna haki ya kuchagua."

Wenzake walimcheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Nilipeleka chai ya maziwa kwa aliyetaka strungi, nilisahau vijiko, nilimwagia mtu maji ya kunawa kwenye suruali akaniambia asante, ilikuwa chafu. Kila mara niligeuza jicho kidogo kule nyuma. Alikuwa amekaa vilevile, mikono mezani, amefumba macho. Alipata dakika mbili. Alipata kumi. Hakuna aliyemwita.

Vijana walipoondoka nilikwenda nikaketi mbele yake. Simu alikuwa ameilaza, kioo kikitazama chini.

"Nakumbuka lazima wawe watatu," akasema.

"Watatu?"

"Chembe. Mbili zikikutana peke yake haziwezi kushikana, zinaachana tu. Lazima iwepo ya tatu. Zikikutana tatu ndipo..." Akakunja uso. Alichukua vikombe viwili akaviweka pamoja, akachukua kijiko, akabaki amekishika hewani. "Ya tatu ilikuwa inafanya nini?"

"Sijui, mama."

"Ilikuwa na kazi yake. Niliijua hiyo kazi." Alikigeuza kijiko huku na huku. "Nimekaa hapa nikiingoja irudi. Hairudi, baba. Nimeona tu ule ukurasa, mtupu."

Nilimwambia kile ambacho nilipaswa kumwambia zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nilimwambia nilikosa, tena si mara moja. Nilikosa siku ya jogoo, nilikosa siku ya mwalimu, na nilikosa siku ya supu, na hiyo ya supu ndiyo inayoniamsha. Alisikiliza. Nilipotaja supu aliinama akacheka kidogo, bila uchungu.

"Ulikuwa umeloa," akasema. "Ulikuwa unatetemeka. Ningekuacha na njaa?"

Akanyoosha mkono akanitengeneza kola ya koti, kama anavyofanya kila mara. Nje mtu akaita, "Mathe, chai iko?"

"Iko," akajibu, akaweka kijiko ndani ya kikombe, akaenda. Nilipoondoka alinifungia chapati nne kwenye gazeti, zikawa zinanipasha joto kifuani njia nzima mpaka Lindi.

Sitaki kulipamba jambo hili. Nilikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa anaona vitu ambavyo mimi sikuviona, na mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa mimi. Kwa kusema sawa nilimnyima elimu aliyostahili, na nikajinyima yeye. Binti yangu yu hai, ananipenda, ananilisha. Lakini tangu alipokuwa na miaka kumi na saba hajaniambia jambo hata moja alilogundua, na sasa hana la kuniambia.